Waasante wa Ghana na hii "ahsante" yetu, na kile kiti kilichoshuka mbinguni (nna dau la kahawa, nisaidieni)

KijanaWaKibokoni

Asalaam aleikum wanabaraza. Jana usiku tumekaa maskani hapa Kibokoni twaangalia mechi ya Ghana kwa simu ya mtu, simu yenyewe kioo kimepasuka mpira hauonekani ukienda kona ya kulia, basi katika maneno mtangazaji akaitaja Asante Kotoko ile timu ya Kumasi. Akatokea mmoja wetu (simtaji, ajijua) akasema ati hilo ndo kabila lililotuletea neno "ahsante", walikuja zamani na majahazi wakatufundisha kushukuru. Tulicheka mpaka muuza kahawa akaweka dele chini akauliza kuna nini. Lakini jamaa akashikilia, akaongeza na mengine, ati hao watu wametoka shimoni ardhini pamoja na mbwa na chui, alafu wakashushiwa kiti cha dhahabu kutoka mbinguni siku ya Ijumaa kikaja kumtulia mfalme magotini. Miye nikamwambia hizo ni hadithi za kulazia watoto na nusu yake umeitunga hapa hapa.

Tukawekeana dau, atakaeshindwa anunua kahawa na kashata kwa maskani nzima wiki nzima na sisi si wachache. Sasa naomba anaejua anieleze, hili neno lina uhusiano wowote na hao watu? Na hiyo ya shimo na kiti wenyewe wasema hivo kweli ama jamaa katunga? Na kama ni hadithi tu, ukweli wenyewe walianza lini na vipi? Msinitumie klipu za tiktoki tafadhali, nshaziona, zote ni ngoma na sauti ya roboti.

BintiMakadara

Waaleikum salaam. Neno kwanza manake hilo ni jepesi. Ahsante yetu ni Kiarabu, ahsanta, yaani umefanya vyema, ndo mana wazee wetu mpaka leo waiandika na h yake. Haina safari ya jahazi kutoka Ghana, na jahazi gani hilo la kuzunguka Afrika nzima kuja kufundisha watu adabu.

Asante yao ni Kitwi, lugha yao wenyewe. Maelezo yanayosikika sana ni kwamba yatokana na "esa nti", esa ni vita na nti ni "kwa sababu ya", yaani watu waloungana kwa ajili ya vita. (Mmvita akisikia hapo atafikiri ni nti ya vita, nchi ya vita, na haitakuwa mbali sana.) Wengine wasema ni "asan", udongo mwekundu, kwamba walikuwa wakichimba udongo kumpelekea bwana wao kama kodi. Chagua yako. Yote mawili yanarudi kwa huyo bwana, Denkyira, dola iliyokuwa ikiwatawala, mwalimu akipita hapa atawaeleza.

Kwa hiyo kwa neno mwenzio ashaliwa. Lakini usikimbilie kushangilia, shimo na kiti hakutunga.

mwalimu_mstaafu

Hadithi za kulazia watoto? Haya kaa kitako mwanangu.

Shimo ni la Asantemanso, msitu ulio kusini ya Kumasi. Miaka ya 1920 kulikuwa na Mwingereza mmoja, Rattray, akiandika mila za kule, na wazee wakampa hivi: usiku wa Jumatatu mnyoo ulitoboa ardhi kutoka chini kuja juu, nyuma yake wakatoka wanaume saba, wanawake watano, chui na mbwa. Walipoiona dunia wakaingiwa na khofu wote isipokuwa mmoja, jina lake Adu Ogyinae, yeye akawawekea mikono mmoja mmoja mpaka wakatulia. Walipoanza kukata miti wajenge nyumba, mti ukamwangukia huyo huyo Adu Ogyinae akafa. Mbwa ndo aloenda kuwatafutia moto. Miye hadithi hii naipendea hapo kwa mti, yule pekee asokuwa na khofu ndo wa kwanza kuondoka. Alafu ukoo wa wafalme wenyewe, Oyoko, wana ya kwao, bibi yao Ankyewa Nyame hakutoka chini, yeye alishuka juu kwa mnyororo wa dhahabu. Mahali lakini ni pale pale Asantemanso. Na si mahali pa kubuni, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepafukua wakakuta watu waliishi pale karne na karne kabla hakujakuwa na mfalme wa kumtaja.

Sasa historia. Miaka ya 1600 ikiisha hakuna dola inayoitwa Asante. Kuna miji ya Waakan, jamii kubwa ambayo Waasante ni tawi lake, Kwaman, Juaben, Mampong, Bekwai, Nsuta, kila mmoja na mkuu wake, waoana, wapigana, na wote wako chini ya Denkyira. Denkyira ndo alokalia njia ya dhahabu kwenda pwani, Elmina, pale ambapo Mreno alijenga ngome 1482, miaka mia na zaidi kabla hajatujengea sisi Fort Jesus 1593, na Elmina baadae Mholanzi akamtoa. Na mjue kitu kimoja ambacho hakisemwi sana, Mreno kule katika vitu alivyowauzia Waakan ili apate dhahabu ni watumwa, akiwanunua upande wa Benin anawapandisha merikebu anakuja kuwauza Elmina. Kuna wanahistoria wasemao nguvu hizo za watu ndo zilofyeka ule msitu mnene yakapatikana mashamba na miji. Hilo kwenye hadithi ya shimo huliskii.

Akazaliwa kijana wa Oyoko, Osei Tutu. Mjomba wake Obiri Yeboa ndo mkuu wa Kwaman. Kijana akapelekwa Denkyira atumike kwa mfalme, mtumishi na rehani kwa pamoja, mkikorofisha kwenu yeye yuko mikononi. Simulizi zasema akaingia mapenzi na dada wa mfalme, mambo yakawa mambo, akakimbia akaenda Akwamu, dola nyengine ya Waakan. Kule alijifunza bunduki na namna ya kupanga jeshi, na akapata rafiki ambae bila yeye hii hadithi haiko, Okomfo Anokye. Okomfo si jina, ni kuhani, mganga mkuu. Mjomba akauawa vitani na watu wa Dormaa, Osei Tutu akaitwa arudi achukue nafasi, akarudi na Anokye na askari wa Akwamu nyuma yake.

Kwanza wakatafuta mji wa kuwa mkuu. Anokye akapanda mti uitwao kum mahali mbali mbali, ule wa Kwaman ukashika, na Kwaman ikawa Kumasi, chini ya mti wa kum. Mwengine ukafa, na mji ule mpaka leo waitwa Kumawu, kum umekufa. Fikiria nyinyi mwishi mji jina lake ni kukumbushwa kuwa mti wenu ulikauka.

Alafu ndo Ijumaa yenyewe. Wakuu wamekusanywa Kumasi, Anokye akaomba, wingu jeusi, radi, vumbi jeupe, na katikati yake kiti cha mbao kilichovikwa dhahabu kikashuka polepole kikamtulia Osei Tutu magotini bila kugusa chini. Wakuu wote wakakatwa kucha na nywele, zikachanganywa na dawa, nyengine ikapakwa kiti nyengine wakanywa. Anokye akawaambia roho ya taifa lote imo humu, kikipotea na nyinyi mmepotea.

Jina lake Sika Dwa Kofi. Sika dhahabu, dwa kiti. Na Kofi ni jina la mtoto wa kiume alozaliwa Ijumaa, wao watoto wote wana jina la siku. Yaani sisi tungekiita Juma. Kiti Juma. Kama vile Khamisi na Mwanajuma wetu.

Mdigo_wa_Likoni

Mwalimu umenigusa hapo kwa mjomba. Watu watasoma wapite, watafikiri Osei Tutu kamrithi mjomba kwa bahati baba hakuwepo. Kule damu yafuatwa kwa mama, ufalme watoka kwa mjomba kwenda kwa mtoto wa dada, na sisi Wadigo tulikuwa hivo hivo, babu yangu mashamba yake yalienda kwa watoto wa dada yake na babangu akaachiwa mnazi mmoja na maneno mazuri. Sasa hivi wengi twafuata sheria ya Kiislamu ila wazee wakikaa matangani utawaskia.

Na hiyo ya kiti kuwa na roho ya watu wote si mpya kwetu. Kila kaya ya Mijikenda ina fingo lake, kago la kuilinda, limezikwa ndani ya msitu, wasema lililetwa kutoka Shungwaya, na hulioni na huligusi. Kaya bila fingo ni msitu wa kuni tu.

Kilindini_Halisi

Nyote mmesahau kuwa Waasante walitoka Misri wakaenda dola ya Ghana ya kale ndo wakashuka mpaka hapo walipo, ndo mana nchi yaitwa Ghana. Nimesoma mahali.

BintiMakadara

Umesoma mahali, haya. Ghana ya kale, wenyewe waliiita Wagadu, ilikuwa huko Mauritania na Mali ya leo, mbali sana kaskazini. Nchi ya leo iliitwa Gold Coast mpaka 1957 walipopata uhuru, jina la Ghana walilichagua kwa fahari ya dola kubwa ya Waafrika, si kwa kuwa ni pale pale. Kuna wasomi waliipigia debe hiyo ya Waakan kushuka kutoka Wagadu lakini wachimbuaji wanakuta watu kwenye msitu ule ule zamani sana. Ya Misri siijibu, kila kabila Afrika hii lina mtu fesibuku anaelitoa Misri.

KijanaWaKibokoni

Mwalimu shukran sana wallahi nimesoma mara mbili na nyengine nikamsomea mamangu jikoni. Lakini nikubane kidogo. Kiti kimeshuka mbinguni ama hakikushuka? Manake dau langu liko hapo. Fundi wa dhahabu alikuwepo Kumasi, mbao ipo, usiku upo. Mtu akikitengeneza kimya kimya alafu siku ya mvua akakitoa kwa kishindo, mimi ntajuaje?

mwalimu_mstaafu

Hujui, na Mampong hawakujua, na hapo ndo penyewe.

Angalia hivi. Kule ukuu wa mtu ni kiti chake. Mkuu wa Juaben ana kiti cha babu zake, wa Mampong ana chake, wa Nsuta ana chake. Sisi kiti cha enzi chetu kile cha mpingo na pembe ni cha kumkalisha mgeni wa heshima, chao ni kama mtu mwenyewe. Sasa Osei Tutu angewaambia wenzake njooni mjiweke chini ya kiti cha Kwaman wangemwambia kwa nini chako kisiwe chini ya changu, babu yangu ametoka shimoni kabla ya babu yako. Vita vya Denkyira vingewakuta bado wako kwa ubishi huo huo. Lakini kiti kisichokuwa na babu, kilichotoka juu, hicho hakina mwenyewe na kwa hivo ni cha wote. Ndo mana hakikaliwi. Hata mfalme hakikalii! Chawekwa kwa ubavu juu ya kiti chake chenyewe pembeni ya mfalme, hakigusi ardhi.

Na Anokye alifanya na jengine kubwa kuliko radi. Wakuu walitakiwa wazike viti na alama zao za zamani. Alafu ikawa mwiko kumtaja mtu asili yake, wana msemo wao, Obi nkyerɛ obi ase, mtu asimwonyeshe mwenziwe alikotoka. Alokuja jana kutoka vitani, mtoto wa mtumwa, mkimbizi wa Denkyira, akishaingia ni Mwasante, na anaemkumbusha kwao ndo mwenye kosa. Sasa linganisha na hapa kwetu, mtu hajaketi barazani ashaulizwa wewe wa wapi, taifa gani, Thelatha au Tisa (yale makundi mawili ya Waswahili wa Mombasa), Mkilindini au Mmvita, babu yako alikuja na nani, na ukishajibu mzee wa pembeni atikisa kichwa asema hao walikuja nyuma. Twajisifu kwa Mwana Mkisi na Shehe Mvita, wale waasisi wa Mombasa, lakini hao hatukuwazikia viti vyetu.

Kwa hiyo kama waniuliza kilishuka, nakwambia mwaka 1701 miji iliyokuwa haiskizani ilitoka pamoja ikapigana Feyiase ikampiga Denkyira aliyekuwa bwana wao, na mfalme wake Ntim Gyakari akafa. Kwa simulizi alikutwa amekaa acheza oware na mkewe, oware ni bao, ndugu yake bao letu, wawili wamefungana miguu kwa pingu za dhahabu kwa raha zao, na adui yuko mlangoni. Sababu ya vita wasema alituma sinia la shaba lijazwe dhahabu, na kila mkuu atoe mke ampendae. Mwaka huo huo Mholanzi wa Elmina akampeleka mjumbe wake, van Nyendael, Kumasi kwenda kujipendekeza kwa Osei Tutu. Mfanyabiashara hapeleki mjumbe kwa hadithi ya kulazia watoto.

Mdigo_wa_Likoni

Wallahi hiyo ya mwiko wa kutaja asili ingeletwa hapa siasa za kaunti zingekufa siku moja, mtu angefanya kampeni na nini?

ShelisheliMbichi

Naongeza mwisho wake manake watu wa Pwani unatuhusu na hakuna anaeutaja. Ile khofu ya Anokye kwamba kiti kikipotea taifa limekwisha waliibeba miaka 200. Mwingereza alipokuja 1896 kumshika mfalme Prempeh, Waasante hawakupigana, walimwacha mfalme achukuliwe kuliko kuhatarisha kiti. Wakamtia Elmina, kisha Sierra Leone. Alafu 1900 gavana mmoja, Hodgson, akaenda Kumasi akawauliza wazee kiko wapi hicho kiti na mbona hamjaniletea mimi nikikalie. Kukikalia! Kitu ambacho mfalme wao mwenyewe hathubutu. Wanaume wamenyamaza, mama wa Ejisu, Yaa Asantewaa, mtu mzima mwenye wajukuu, akawaambia kama nyinyi hamuendi sisi wanawake twaenda. Wakaizingira ngome ya Kumasi miezi. Walishindwa mwishowe, ila kiti hakikupatikana, kilikuwa kimefukiwa. Kikaja kufukuliwa bila kutaka na watu wanaotengeneza barabara, wezi wakang'oa mapambo ya dhahabu, nchi nzima ikalia, na 1921 Serikali ikabidi iahidi kwamba kiti ni chenu hatukitaki tena.

Sasa Prempeh na huyo mama walihamishiwa wapi? Shelisheli, hapa mbele yetu baharini. Kule kule alikotupwa Kabaka Mwanga akafia huko 1903, na Kabalega wa Bunyoro. Na Sayyid Khalid bin Barghash, yule jumba lake Zanzibar lilipigwa mizinga mwaka huo huo wa 1896, nae baadae kapitishwa Shelisheli, na unajua alifia wapi? Hapa hapa Mombasa, 1927. Yaa Asantewaa yeye hakurudi, alifia kisiwani 1921. Prempeh alirudi kwao 1924. Nyinyi mkisikia shelisheli mwafikiria lile la kuchemsha na nazi tu.

BintiMakadara

Hili jina lako leo limepata kazi.

Na vitu vyao vya dhahabu vilivyobebwa 1874 jeshi la Mwingereza Wolseley lilipoichoma Kumasi, 2024 vyengine vimerudi jumba la Manhyia, la mfalme wao, makumbusho mawili ya London yamewapa 32 kwa mkopo. Mkopo! Kitu chako waazimwa na alokichukua. Wapokomo na ile ngoma yao Ngadji hata mkopo hawajapewa, iko London.

Jamaa_wa_Dau

Mimi ndo "mmoja wetu". Nimetumiwa hii na watu wanne. Nimeshindwa kwa neno, nakubali, ahsante ni ya Mwarabu. Lakini shimo, mbwa, chui, kiti, Ijumaa, magoti, vyote nilivitaja mimi na ulisema natunga. Hesabu mwenyewe moja kwa sita.

KijanaWaKibokoni

Dau lilikuwa juu ya neno. Uliza maskani.

Jamaa_wa_Dau

Dau lilikuwa juu ya "nusu yake umetunga". Muuza kahawa shahidi, alikuwa kaweka dele chini akiskiza.

mwalimu_mstaafu

Gaweni siku. Neno siku mbili, hadithi siku tano. Na Kijana, ile ya nungunungu hukuuliza lakini ntakupa bure, Kotoko ni nungunungu, alama ya Waasante, wana neno lao "kum apem a, apem beba", ukiua elfu elfu watakuja. Miba yake ikianguka yaota mengine.

KijanaWaKibokoni

Siku tano mimi?? Mwalimu maskani ni watu kumi na saba na Ijumaa waongezeka.

Jamaa_wa_Dau

Anzia Ijumaa basi. Kwa heshima ya Kiti Juma.